Goti la ami: maji yalipita wapi?

Maji ya goti yaliganda. Niliyatia kwenye kichupa kitupu, kile kisichokuwa na dawa ya kuzuia kuganda, nikageuka kuandika jina na tarehe kwenye kichupa cha pili chenye heparini, nikahangaika na taa ya darubini, baada ya kama robo saa nakiinua kile cha kwanza naona ndani mna donge la manjano limejishika, ukikigonga linatikisika kama faluda kwenye sinia. Mwenzangu wa maabara akasema itakuwa damu imeingia na sindano. Haikuwa damu, hata wekundu hamna. Hapo ndo nikaanza kukiangalia kisa cha ami yangu kwa jicho jengine, mana maji ya goti zima hayagandi, hata ukiyaweka mpaka kesho asubuhi.

Ami ana miaka 58, anakaa kusini mwa Pemba, upande wa Mkoani, mvuvi maisha yake yote. Ana mtego wake wa uzio, na bamvua likiingia maji yakatoka sana anashuka mwambani kuchokoa pweza. Ana presha, na miezi minne kabla ya haya alianzishiwa haidroklorothiazaidi, wenyewe wanakiita kidonge cha kukojoa. Nyuma kidogo aliwahi kuvimba kidole gumba cha mguu mara mbili, usiku, akasema amejikwaa, kikapoa chenyewe ndani ya wiki na hakuna aliyeuliza zaidi.

Bamvua hilo alishinda juani siku tatu, maji ya kunywa kidogo, pweza mchana na pweza usiku, na siku ya tatu akateleza goti la kulia likagonga jiwe. Usiku huo huo saa nane akaamka goti linawaka moto. Anasema shuka ikigusa tu alikuwa anataka kupiga kelele. Alfajiri mkewe akamchua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, kwa nia njema kabisa, goti likazidi. Jirani mmoja mwenye maradhi kama hayo akaleta cheti chake cha zamani kimeandikwa kolchisini kidonge kimoja kila saa mpaka maumivu yaishe au uanze kuharisha, duka la dawa wakauza bila ya suala, ami akanywa vidonge 8 vya nusu milligramu tangu asubuhi mpaka alasiri, jumla milligramu 4. Jioni akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Akaviacha. Duka jengine wakampiga sindano za diklofenaki siku tatu mfululizo, hakuna aliyemuuliza kuhusu presha wala figo, na kila sindano ilimpa masaa machache ya kulala alafu goti liko pale pale.

Mie nakaa mjini Unguja, kazi yangu ni maabara. Nilifika kwa boti siku ya tano. Nimemkuta kwenye samadari, mguu umekunjwa kidogo juu ya mto, mkewe anamsihi aunyooshe usije ukakauka.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Goti limeingia maji."

"Yameingia kutokea wapi ami?"

"Baharini, kwani wapi? Nimeshinda ndani ya maji siku tatu."

Alikuwa anaamini kweli, na sikumcheka, mana suala la maji yameingia kutokea wapi ndo suala lenyewe, na watu wengi wenye vyeti vikubwa hawajiulizi. Mkewe nikamwambia amuache mguu ulivyo. Goti lililojaa likikunjwa kama digrii 30 ndo msukumo wa ndani unakuwa mdogo kabisa, mgonjwa anaipata hiyo nafasi mwenyewe bila kufundishwa, ukimnyoosha kwa nguvu unamkamua.

Hospitali daktari alimtoa mililita 45. Goti la mtu mzima halina zaidi ya mililita 4 hivi. Rangi manjano yenye ukungu, ukiweka gazeti nyuma ya kichupa herufi huzisomi. Maji ya goti zima ukiyadondosha kutoka kwenye sindano yanavutika uzi mrefu kama ute wa yai, haya yalidondoka tone tone kama maji ya bomba. Seli nyeupe 28,000 kwa kila mikrolita, karibu zote nyutrofili, askari wa damu wanaokimbilia kwenye uvimbe. Tulipaka rangi ya Gram tukatafuta bakteria hatukuona, na hili lazima lifanywe kabla hujafurahia jambo jengine lolote, goti lenye usaha wa bakteria ukilikosea linaharibika ndani ya siku chache. Alafu fuwele. Sindano nyembamba zilizochongoka pande mbili, nyengine zimo ndani ya nyutrofili zimewapita mpaka nje, na kwenye darubini ya mwanga wa poleraizi zikilala sambamba na mstari wa kompensata, kile kioo cha kutofautishia fuwele kwa rangi, zinang'aa manjano, zikikatiza zinakuwa buluu. Fuwele za yureti, yani chumvi ya yuriki asidi, taka ya mwili inayotakiwa itoke na mkojo. Jongo, au gauti kama wengi wanavyosema siku hizi. Yuriki asidi ya damu ilikuwa milligramu 9.1 kwa desilita, kreatinini, kipimo cha figo, 1.5. (Sindano za diklofenaki zilikuwa zinamchimbia figo huku hajui.)

Hapo faili lingeweza kufungwa. Jongo, dawa ya jongo, nenda nyumbani. Lakini lile donge. Maji yanaganda kwasababu ya fibrinojeni, hii ni protini ndefu na nzito, uzito wake kama mara 5 ya albumini, ile protini ya kawaida ya damu, na makao yake ni ndani ya mshipa wa damu. Kwenye goti zima haimo kwasababu haipiti ukuta. Ikiwa imo kwenye kichupa changu basi ukuta wa vishipa vya ami ulifunguka, tena mpana. Na hakuna aliyeutoboa. Goti liligonga jiwe kwa nje ndio, lakini mililita 45 za maji ya manjano yasiyokuwa na damu si za mshipa uliopasuka. Ule ukuta ulijifungua wenyewe.

Nilimueleza ami kwa uzio wake, mana ndo kitu anachokijua kuliko mie. Uzio ni fito zimesimamishwa zimefungwa kwa kamba, maji yanatoka na kuingia, samaki hatoki. Mshipa mdogo wa damu uko hivyo hivyo. Kwa ndani umetandikwa seli bapa tabaka moja tu, unene wake sehemu nyembamba haufiki mikromita 1, na zimeshikana pembeni kwa protini inayoitwa kadherini, kila seli inatoa mkono wake inashika mkono wa jirani. Maji na chumvi na sukari vinapita, protini kubwa zinabaki ndani, na kule kubaki ndani ndo kunakoyavuta maji yasiishe yote nje. Hili la protini kuvuta maji Starling alilieleza mwaka 1896 na mpaka leo ndo msingi, japo limerekebishwa sehemu sehemu.

Sasa kadherini haisimami hewani. Kwa ndani ya seli imefungwa kwenye nyuzi za aktini, na hizi ni sehemu ya kiunzi cha seli, saitoskeletoni. Watu wakisikia kiunzi wanafikiria mifupa, kitu kigumu kimekaa tu, sivyo kabisa. Kiunzi cha seli kinafumwa na kufumuliwa kila dakika. Kuna aktini, nyuzi nyembamba zinazovuta. Kuna maikrotubuli, hizi ni mirija migumu kidogo iliyojengwa kwa vipande vya tubulini, inarefuka upande mmoja na kubomoka ghafla, na ndo njia za kusafirishia mizigo ndani ya seli. Na kuna nyuzi za kati kama vimentini, hizi kwenye kisa chetu nazipita. Seli ikiwa imetulia aktini inajipanga pembeni, mkanda unaozunguka ukingo, unaishikilia kadherini mahali pake. Ikiamriwa kufungua, aktini inahama, inajikusanya mafungu manene yanayokatiza katikati ya seli, myosini inazishika zile nyuzi inavuta, seli inajikunyata, na ikijikunyata inaachana mikono na jirani. Pale katikati panabaki mwanya.

Ami akanisikiliza alafu akasema, "Yani fito hazikuvunjika. Kamba zimekazwa sana zikazikusanya fito pamoja." Mie sikuwahi kuliona vizuri hivyo. Kweli kabisa, ukikaza kamba za uzio kupita kiasi fito zinajikusanya mafungu mafungu, na baina ya fungu na fungu samaki anapita.

Hii mianya si nadharia. Mwaka 1961 Guido Majno na George Palade waliwachoma panya histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe, wakaangalia vishipa kwa darubini ya elektroni, wakakuta seli za ukuta zimeachana pembeni hasa kwenye vivena vidogo, vile vinavyopokea damu ikishatoka kwenye kapilari. Mpaka hapo kulikuwa na waliodhani maji yanapita katikati ya seli yenyewe. Baadae ikajulikana mnyororo wenyewe: histamini au thrombini au bradikinini inagusa seli kwa nje, kalsiamu inapanda ndani, na protini moja inayoitwa RhoA inawashwa, hiyo inawasha ROCK, ROCK inaifanya myosini isiache kuvuta. Seli imejikunyata na haiachii. Nimeandika majina haya mawili kwasababu yatarudi mbele kidogo.

Goti lina tabia yake zaidi ya hapo. Utando wa ndani wa jointi ni seli tabaka moja mpaka tatu, na chini yake hamna ule utando wa msingi ambao ngozi na utumbo vinao, na kapilari zake zimesogea karibu kabisa na nafasi ya goti na zina vidirisha upande unaoangalia goti. Mtu akisikia hivi anaona kama kasoro, mie naona ni maumbile mazuri ajabu, gegedu la goti halina mshipa wa damu hata mmoja, linakula kupitia yale maji, basi lazima maji yafike kwa wepesi. Ule ute mzito, haiyaluronani, seli za utando ndo zinautengeneza na ndo unaoyazuia maji yasikimbie tena. Na mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walionesha kwa panya kwamba juu ya utando huo kuna makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu, wamejipanga safu moja wameshikana kama ukuta, wanalinda goti, na ugonjwa wa jointi ukianza ile safu inavunjika, wanageuka umbo wanaachana. Umbo la seli ni kazi ya kiunzi chake. Kwahiyo ami alikuwa na milango miwili iliyofunguka, wa mshipa na wa utando, yote miwili kwa seli kubadilisha umbo na sio kwa kutobolewa.

Nani aliamrisha? Yureti ikizidi kama milligramu 6.8 kwa desilita kwenye joto la mwili haiyeyuki tena yote, na sehemu ya baridi kiwango kinashuka zaidi, ndo mana kidole gumba kilitangulia miaka ya nyuma na ndo mana siku tatu za kushinda mguu ndani ya maji ya bahari hazikusaidia, hapo ami hakukosea sana. Pweza na dagaa wanaongeza, kukaukiwa maji kunaongeza, na kile kidonge cha kukojoa kinaifanya figo iibakishe yureti badala ya kuitoa. Fuwele zikashakuwepo, kugonga jiwe kunatosha kuzitikisa zikaachia kutoka kwenye gegedu. Makrofeji anaimeza fuwele, anashindwa kuisaga, ndani yake kinaunganika kitu kinaitwa inflamasomu ya NLRP3, hili limejulikana kwa jongo tangu 2006, inatoka intalukini 1 beta, na hiyo ndo amri. Inakwenda kwenye ukuta wa mshipa, ukuta unaachia mianya, na pia unatoa nje vikulabu vinavyoitwa E-selektini vya kuwanasa nyutrofili wanaopita na damu. Nyutrofili wakinasa wanajipenyeza, wakifika ndani wanameza fuwele wanakufa wanamwaga vyao, amri inakuwa kubwa zaidi. Masaa machache tu goti limejaa.

Nikafika kwenye kitu kilichonikosesha usingizi usiku ule pale Pemba, na naomba mnivumilie hapa mana ndo kiini.

Kolchisini inafanya kazi kwa kukamata tubulini. Mmea wake umetumika kwa jongo tangu karne ya 6, waganga wa Kiarabu wakauita suranjani, mwaka 1820 Pelletier na Caventou wa Ufaransa wakaichuja dawa yenyewe, na ile protini inayoikamata ilitambuliwa Chicago miaka ya 1960, ndo ikaja kuitwa tubulini. Ikishikwa haijengi tena mrija, maikrotubuli zinabomoka. Sasa kwenye maabara ukichukua seli za ukuta wa mshipa ukazibomolea maikrotubuli kwa dawa kama nokodazoli au vinblastini, ukuta haufungi, UNAFUNGUKA. Sababu yake imetafutwa ikapatikana: kwenye maikrotubuli kuna protini inaitwa GEF-H1 imelala imefungwa, mrija ukibomoka inaachiwa, na kazi yake ni kuwasha RhoA. Ile ile RhoA. Myosini inavuta, mianya inatokea. Basi inakuwaje dawa inayobomoa maikrotubuli ipunguze uvimbe badala ya kuuongeza?

Jibu ni kipimo, na ni nani anayeipata dawa. Seli nyingi mwilini zina pampu kwenye ngozi yake inayoitwa P-glaikoprotini, kolchisini ikiingia inarushwa nje. Nyutrofili pampu hiyo hana, basi ukinywa kidogo yeye ndo anaibakisha ndani inajilimbikiza, na nyutrofili asiyekuwa na maikrotubuli zake sawasawa hatembei vizuri, hajipenyezi. Kwenye ukuta wa mshipa, kiasi kidogo hakibomoi kiunzi, ila kinatawanya vile vikulabu vya E-selektini, badala ya kukaa pamoja fungu vinasambaa, nyutrofili anateleza anapita zake. Hili lilioneshwa mwaka 1995. Na kwa makrofeji ile NLRP3 inahitaji maikrotubuli kuunganika. Yani kwa kidogo unawapiga wanaoamrisha mlango ufunguliwe. Kwa nyingi unaugusa mlango wenyewe, na kila seli inayogawanyika.

Na ndo mana ami aliharisha. Seli za utumbo zinajizaa upya kila siku chache, na seli haigawanyiki bila maikrotubuli za kuvuta kromosomu kila moja upande wake, kolchisini nyingi inazisimamisha katikati. Ule mtindo wa kila saa mpaka uharishe ulikuwa ni kumpa mtu sumu mpaka utumbo upige kelele ndo unajua umefika. Cheti cha jirani kilikuwa cha mtindo huo wa zamani. Mwaka 2010 ulitoka utafiti uliolinganisha milligramu 1.8 jumla na milligramu 4.8 jumla: waliopata nafuu kwa kidogo ni kama 38 kwa 100, kwa nyingi kama 33, yani hakuna kilichoongezeka, lakini walioharisha kwa kidogo ni 23 kwa 100 na kwa nyingi 77. Siku hizi ni milligramu 1, ikipita saa moja unaongeza nusu milligramu, basi kwa siku hiyo, na iwe ndani ya masaa 12 ya mwanzo. Kuna watu wamekufa kwa milligramu 7 tu. Na yale maua ya mwituni mekundu yenye ncha za manjano, petali zimepinda kwenda juu, gloriosa, kiazi chake kina kolchisini hiyo hiyo, msimpe mtu mizizi hio kwa jointi wala kwa jambo jengine, nakuombeni sana.

Masaa 12 nayo inaeleweka ukishajua njia. Siku ya tano nyutrofili 28,000 kwa mikrolita walikuwa wameshaingia. Kutawanya vikulabu mlangoni wakati wageni wameshajaa ndani hakuna maana. Kwahiyo kwa ami kolchisini ilitumika siku sahihi kwa kipimo kibaya, na ingetolewa tena siku ya tano ingekuwa kipimo sahihi siku mbaya. Diklofenaki nayo inazuia prostaglandini, maumivu yanapungua na mshipa unapungua kutanuka, lakini intalukini haijaguswa, fuwele hazijaguswa, na figo zenye presha zinalipa. Kuchua kwa karafuu kunaongeza damu kwenye goti lenye vishipa vilivyo wazi. Sikumwambia mkewe kwa ukali, nilimwambia tu goti likiwa la moto ni kitambaa cha maji baridi na kutulia.

Baada ya kutolewa maji alipata nafuu usiku huo huo, mana msukumo umeshuka. Siku ya pili asubuhi likajaa tena, si kama mwanzo lakini limejaa. Ami akataka sindano nyengine. Daktari akamuuliza, dau likivuja unafanya nini, akajibu unafua maji. Alafu? Akanyamaza kidogo, akasema, "Unafua mpaka ufike ufukweni, alafu unakalafati." Basi wakaanza kukalafati. Prednisoloni milligramu 30 kwa siku, siku 5, hii inazima amri kwa makrofeji na kwa ukuta wote, na kwa figo zake ilikuwa salama kuliko sindano za duka. Presha ilipimwa kila siku mana prednisoloni inaipandisha. Haidroklorothiazaidi ikaondoshwa akapewa losartani, ambayo inashusha presha na inasaidia kidogo kuitoa yureti.

Siku ya tatu ya vidonge goti lilikuwa la kawaida kwa kuligusa, uvimbe umebaki kidogo juu ya pia ya goti. Siku ya sita alitembea mpaka msikitini kwa bakora. Hakutolewa maji mara ya pili. Yale yaliyobaki yaliondoka yenyewe, kadherini zikishikana tena na protini zikisombwa na mishipa ya limfu maji hayana sababu ya kubaki, na hili mie naliona ni ushahidi mkubwa kuliko hata donge la kwenye kichupa.

Wiki chache baadae kreatinini ikarudi 1.1, ndo akaanza alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, milligramu 100, inapandishwa taratibu, na pembeni yake kolchisini nusu milligramu kwa siku kwa miezi 6. Hapa familia ilipinga, dawa iliyomtia chooni usiku kucha unampa tena? Nikakaa nao barazani nikawaeleza yote niliyoyaandika hapa, vikulabu, pampu, nyutrofili. Yureti ikianza kushuka fuwele za zamani zinalegea na goti linaweza kuwaka upya, ile nusu milligramu ni mlinzi wa kipindi hicho. Mkewe ndo aliyeelewa kwanza, akasema ni kama chumvi, kijiko na kilo si kitu kimoja. Akawa yeye ndo anayemtilia kidonge mkononi kila baada ya isha, kimoja, na paketi anaifunga kwenye kabati.

Juu ya ile paketi niliandika kwa kalamu ya maka majina mawili: KLARITHROMISINI, ERITHROMISINI, na chini yake, PIGA SIMU KWANZA. Antibaiotiki hizi zinaizuia ile pampu ya P-glaikoprotini na pia kimeng'enya cha ini kinachoiondosha kolchisini, klarithromisini hasa. Ukizichanganya ile nusu milligramu haitoki, inajilimbikiza siku hadi siku, na seli zilizokuwa zinajilinda kwa pampu zinakuwa wazi kama nyutrofili. Kidogo kinageuka kingi bila mtu kuongeza hata kidonge, na figo zikiwa dhaifu ndo zaidi.

Mwezi wa tatu yuriki asidi ilikuwa 5.7, lengo ni chini ya 6. Mwezi wa nne ami akapata kifua, homa na kikohozi, akaenda kituo kimoja akaandikiwa klarithromisini, hakuna aliyemuuliza anakunywa nini. Alishazinunua. Mkewe akaja kuchukua cha usiku kabatini akayaona maandishi, akalinganisha herufi kwa herufi, akanipigia saa tatu na nusu usiku. Nikamwambia asimpe hata kimoja, warudi asubuhi na paketi zote mbili mkononi. Walirudi, daktari mwengine akaangalia, akambadilishia amoksilini.